Mama Alikula Kwanza

Juzi jirani yangu aliloweka mihogo kwenye ndoo, akaiacha chini ya dirisha langu la jikoni. Siku ya tatu harufu iliingia ndani bila kubisha hodi. Binti yangu alikunja pua akasema kuna panya amekufa mahali. Mimi niliacha vyombo, nikaenda dirishani, nikarudi, nikaenda tena. Mama yangu tulimzika mvua zilipoanza, na siku ile watu walinisifu kwamba nilijikaza. Sasa ndoo ya mihogo ya mtu mwingine ilinitoa machozi mbele ya masufuria machafu, na binti yangu akadhani nimechukizwa na harufu.

Niseme mapema kwamba mimi sijawahi kuwa mtu wa kutulia. Hata ninapoandika haya nimeshasimama mara tatu. Mama alikuwa akisema nilizaliwa njiani, kati ya shamba na nyumba, na tangu hapo miguu yangu haijaamini kwamba tumefika. Ninyi wa rika langu mliokulia Kasongo enzi za Wabelgiji mtawakumbuka watoto kama mimi, wale ambao kila mtu mzima aliyepita aliwaambia wakae chini. Nilikuwa nakaa, kisha nasimama upande wa pili.

Kwetu hasa hakukuwa Kasongo. Tulitoka Kabambare kwa miguu: mama, mdogo wangu mgongoni kwake, na mimi nyuma nimeshika mwiko, kwa sababu mama alisema kila mtu abebe kitu chenye maana. Yeye alibeba chungu kichwani. Baba alikuwa amechukuliwa kwenda kutengeneza barabara, na habari ya mwisho tuliyopata ilisema yuko Kasongo. Mama aliacha shamba la pamba, ile pamba ya lazima, likiwa limepaliwa nusu, akaondoka alfajiri bila karatasi ya ruhusa. Tulilala Lusangi kwa watu wa ukoo wake, tukalala na pengine ambapo sipakumbuki. Tulipofika Kasongo tukaambiwa kikosi cha barabara kimeshasogea mbele, na hakuna ajuaye kitarudi lini. Mama alitua chungu chini akakitazama kwa muda mrefu. Nilidhani tutarudi tulikotoka. Kisha akasema tutamngojea baba hapa hapa.

Basi kungojea ndiko kulikuwa kazi yetu. Pembeni ya mji, karibu na ghala la pamba, palikuwa na nyumba za udongo za watu waliokuja kama sisi, wengi wao wanawake wa Kabambare ambao waume zao walikuwa barabarani au migodini. Wenyeji walipaita kwa Wageni. Watu husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi jembe tulikuwa nalo tangu siku ya kwanza, shamba ndilo hatukupewa. Mashamba ya karibu yalikuwa pamba mpaka mlangoni, na pamba haipikiki. Ile miezi ya kungojea mpunga ukomae, hata wenyeji wenye majina makubwa walikuwa wakipika mara moja kwa siku, tena wakifunga mlango ili jirani asisikie mwiko.

Mama aliitwa Mama Anzela. Anzela alikuwa dada yangu, mtoto wa kwanza, aliyekufa Kabambare kabla sijapata akili ya kumkumbuka. Niliambiwa alikufa kwa tumbo, na mambo yakaishia hapo. Leo naona ni kawaida ya kila mahali, mama kuitwa kwa jina la mzaliwa wa kwanza. Lakini wakati ule iliniuma kwelikweli. Mimi ndiye niliyechota maji, mimi ndiye niliyebeba mwiko kutoka Kabambare, na bado mama yangu aliitwa kwa jina la mtoto asiyebeba chochote.

Upande wa mji jirani yetu alikuwa Bibi Mwamvua, mjane wa Kiislamu wa ukoo wa zamani, mwanamke mrefu mwenye ulimi, aliyefuga bata na kuwagombeza kutwa kama wakwe. Marehemu mumewe alimwachia shamba la muhogo mchungu, ule ambao hata nguruwe wa porini wanaupita. Aliupanda kuzunguka mpunga ili uwe ukuta. Mpunga wenyewe ulishaondolewa pakawekwa pamba, muhogo ukabaki kando umenenepa ardhini bila wa kuuchimba. Watu wa mtaa wa Bibi Mwamvua walizoea mchele, na muhogo ule waliuogopa. Walisema unaua, na walisema kweli.

Mama alipouona aling'oa mmoja, akaumenya kwa meno, akaonja kidogo kwa ncha ya ulimi, akatema, akacheka. Kilikuwa kicheko chake cha kwanza tangu Kabambare. Ulikuwa muhogo uleule wa kwao, ambao bibi yake na bibi wa bibi yake walijua namna ya kuutoa uchungu. Alikwenda moja kwa moja kwa Bibi Mwamvua kuomba wageni wauchimbe, na nusu ya unga urudi kwa mwenye shamba. Bibi Mwamvua alimtazama kuanzia miguuni kwenda juu.

"Kuku mugeni hakosi kamba muguuni," alisema. "Weye kamba yako iko wapi, mama, unatembea mupaka mu shamba ya batu?"

Mama alijibu kwamba kamba anayo, ataiona. Wakati ule nilidhani ni maneno tu ya kujibizana. Bibi Mwamvua alikubali kwa sharti moja, kwamba chungu kitakachopika unga wa shamba lake kisiguse nyama ya nguruwe wala ya nyani, ili hata mtu wa msikitini akiona njaa asione aibu kukaa. Mama akaenda mbali zaidi, akasema hakitagusa nyama yoyote. Kweli, miaka yote tuliyokaa pale, chungu kile kilijua samaki, sombe ya majani ya muhogo na mafuta ya mawese, basi.

Hivyo ndivyo kilivyoanza chungu cha wageni. Siku moja kinapikwa, siku ya pili kinapumzika. Mkono mtupu haulambwi, kwa hiyo kila mtu alileta kitu: huyu majani ya sombe, huyu kuni mbili, yule chumvi iliyofungwa kwenye jani, na asiye na kitu alileta mabega yake akatwanga. Wanawake wa Kabambare walipokezana, lakini mwenye chungu alikuwa mama. Walikula wageni, walikula watu waliotoka vijiji vya mbali na vikapu vya pamba wakingoja siku kadhaa zamu yao ya kupimiwa, na polepole wakaanza kuja wajane wa mjini na watoto wao, wakijifanya wanapita tu. Mama hakuwahi kumwuliza mtu amefuata nini.

Sasa nieleze kuhusu kamba. Nyuma ya nyumba zetu kijito kilikata kona na kufanya dimbwi. Humo tulizamisha mihogo iliyomenywa, ndani ya vikapu vyenye jiwe juu. Muhogo ule unataka kulala majini usiku nne. Baada ya hapo umelainika, unanuka mpaka unasikia haya, na uchungu umekwenda na maji. Kila kikapu kilikuwa na kamba iliyofungwa kwenye mti wa ukingoni, na kila jioni mtu mmoja aliyechaguliwa alipiga fundo moja. Mafundo manne, kikapu kinatoka. Wanawake walikuwa wakitoka mashambani mwa watu wamechoka, na vikapu vilikuwa vingi, kwa hiyo hawakutegemea kichwa cha mtu. Kikapu cha mama kilikuwa changu. Alinipa kazi ile ili nipate sababu ya kutulia japo mara moja kwa siku.

"Kitunga haina macho," aliniambia, akigusa kikapu. "Kamba ndiyo macho yake."

Tatizo ni kwamba sikumwelewa. Mdogo wangu alikuwa ameugua homa, na mzee mmoja alimfunga uzi mkononi, akapiga mafundo matatu huku akinong'ona, na kesho yake homa ikashuka. Kwa hiyo nilijua mafundo yanafanya nini. Kichwani mwangu, mafundo ya kwenye kamba ndiyo yaliyokuwa yakivuta uchungu kutoka ndani ya mihogo, fundo la kwanza likivuta kidogo, la pili zaidi, mpaka la nne linamaliza. Maji niliona ni ya kuoshea tu. Nilikuwa nikikaza kila fundo kwa meno.

Na kulikuwa na jambo lingine lililonichoma kuliko yote. Siku za kupika, ugali ukishaiva na watu wameshakaa, mama alikuwa akimega tonge kubwa, kubwa kweli, anachovya kwenye sombe, anakula mbele ya kila mtu. Kisha anakaa kwenye gogo, mikono juu ya magoti, na hakuna anayegusa chakula. Tunangoja. Palikuwa na jiwe jeupe uani, na kinu kilisimama karibu nalo. Mpaka kivuli cha kinu kilifikie lile jiwe, ndipo mama anainuka kugawa. Ugali unapoa, unakuwa mgumu, sombe inasinzia juu ya makaa, na watu wanapiga soga za njaa. Wageni wa Kabambare hawakuuliza kitu. Wenyeji walipouliza, waliambiwa ndiyo desturi.

Mimi nilimchukia mama kwa ajili ya tonge lile. Siwezi kulisema kwa maneno laini. Nilikuwa na njaa ya kulia, nimetwanga, nimechota, nimefunga mafundo, halafu naona mama yangu anakula kwanza, tonge la moto, peke yake, kama chifu. Nilifikiri anaona raha kututazama. Mama wa wenzangu waliwapa watoto wao kwanza, wakala ukoko. Nilizunguka ua ule mara ishirini kabla kivuli hakijafika, nikakisukuma kinu kidogo siku moja ili kivuli kiwahi, na mama akainuka, akakirudisha kinu mahali pake, akakaa tena.

Kapita, msimamizi wa mtaa, hakukipenda chungu. Alikuwa mtu mwembamba mwenye kofia nyekundu, na kazi yake ilikuwa kuwaambia wazungu kwamba kila kitu kiko sawa. Mkusanyiko wa wanawake wasio na karatasi haukumfanya aonekane vizuri. Tena mjini maneno yalikuwa yakizunguka kwamba wanawake wa Kabambare wanalisha watu sumu. Alikuja jioni moja, akasimama bila kukaribishwa kiti.

"Mutu mumoja akiumwa tumbo," alisema, "mutu mumoja tu, nitawarudisha bote Kabambare. Pamba yenu mulioacha inawangoja kule."

Hata mimi nilijua maana yake. Kurudishwa kulikuwa fimbo kwa ajili ya shamba lililopaliwa nusu, na baba akirudi Kasongo angekuta nyumba imejaa buibui. Mama alimwitikia kwa heshima zote, ndiyo baba, ndiyo baba. Alipoondoka, wanawake wawili walisema tuache. Mama alisema watu wa pamba wamefika leo kutoka mbali, na wana watoto.

Wiki ile njaa ilikuwa mbaya. Unga ulibaki wa kufunika kiganja. Kikapu chetu kilikuwa ndiyo kwanza kimezamishwa, na nilisikia mama akimwambia mwenzake kwamba laiti mihogo ingekuwa tayari mapema. Nilisikia hivyo tu, na ikanitosha. Jioni ya kwanza nilipiga mafundo mawili. Niliyakaza kwa meno, nikanong'ona kama yule mzee, maneno ya kujitungia. Jioni ya pili nikapiga mengine mawili. Nilirudi nyumbani nikiwa nimejaa, kama mtu aliyekwisha kula. Nilimwambia mama kamba imefika nne. Alishangaa kidogo, akasema siku za njaa hupotea kichwani, akaenda.

Nilikuwa naye alipokitoa kikapu. Aliubonyeza muhogo mmoja, akaubonyeza mwingine. Ulikuwa bado na ubishi. Alinusa. Akaishika kamba, akapitisha mafundo kidoleni moja moja, moja, mbili, tatu, nne, kisha akanitazama mimi. Nilimtazama bila kupepesa, kwa sababu nilikuwa na fahari. Akasema maji ya msimu huu ni ya baridi. Aliamini kamba, kwa sababu aliyeifunga alikuwa mimi.

Tuliikata vipande, tukaianika juu ya moto kwa kuwa hapakuwa na muda wa jua, tukatwanga. Siku ya kupika ua ulijaa kuliko siku zote. Watu wa pamba walikuwepo na watoto wao wenye matumbo ya duara. Bibi Mwamvua alikuja na kigoda chake, maana alishazoea kuja kusimamia unga wake kwa macho. Mama alimega tonge, akachovya, akala. Nilimwona akisita katikati ya kutafuna. Alimeza. Akakaa kwenye gogo.

Mimi nilikuwa nikiruka mguu huu na mguu huu. Nilitaka kivuli kifike ili watu wale chakula nilichokiwahisha. Nilipanga kusema baadaye, wakishashiba, kwamba ni mimi. Kivuli kilikuwa kimebakiza kiganja kimoja nilipoona mama amefumba macho. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo, na mikono juu ya magoti ilikuwa inatetemeka kidogokidogo. Wakati huohuo kofia nyekundu ikatokea kwenye kona ya nyumba. Kapita amekuja kuangalia, na nyuma yake askari mmoja.

Mama alifumbua macho, akamwona. Akamsalimu. Aliinuka taratibu sana, akakikaribia chungu kana kwamba anakwenda kugawa, na pale akajikwaa. Miaka yote nimeurudia mguu ule kichwani mwangu, na ninajua haukujikwaa. Alikipiga chungu kwa ubavu wa mguu, kikabingirika, ugali wote ukamwagika vumbini. Kisha akaanguka juu yake kwa magoti, na kwa mikono miwili akaanza kuuzoa na majivu na udongo, akiuchanganya, akiuharibu, ili mtu asije akaokota hata kipande.

Mtoto mmoja alilia. Kapita alicheka, akasema wanawake wa Kabambare hata bugali inawashinda kubeba. Bata wa Bibi Mwamvua walikuja mbio, na hapo nilimwona Bibi Mwamvua akitazama, kwanza mama, kisha ugali, kisha bata. Yule mama mzima aliinuka kutoka kwenye kigoda chake na kuwafukuza bata kwa kanga yake mwenyewe, aliyokuwa amejifunga kichwani, akibaki na nywele zake nyeupe wazi mbele ya wanaume.

"Ni mimi," alimwambia kapita. "Nilimupiga kikumbo, mimi muzee. Chakula iko kwangu. Kila mutu akae palepale."

Alituma watu nyumbani kwake wakaleta mchele, ule aliokuwa akiuficha kwa mwezi wa mfungo. Wanawake waliupika upya kwenye sufuria lake. Mama alisimama. Hilo ndilo ninalotaka mlione: alisimama, ameegemea kinu, akiwaelekeza wapikaji wapunguze moto, akijibu maswali ya kapita, mpaka kapita alipochoka na kuondoka na askari wake. Ndipo akaenda nyuma ya nyumba, Bibi Mwamvua amemshika kwapani, na nikasikia anatapika kwa sauti ya mnyama.

Alilala siku mbili. Bibi Mwamvua alimnywesha maji ya muwa na mafuta, akamkalia kichwani, na kwa kila aliyeuliza alijibu ni homa. Mama alikuwa akitaka maji kisha hauoni mkono unaompa. Mimi sikuweza kukaa ndani wala nje. Nilifagia ua mara nne. Asubuhi ya kwanza, nyuma ya kinu, nilimkuta bata mmoja amelala shingo imenyooka, mdomoni kuna ugali. Alikuwa ametangulia kabla kanga haijamfikia. Nilimtazama bata yule kwa muda ambao sijui ulikuwa mrefu kiasi gani, nikawafikiria wale watoto wa pamba, mmoja mmoja, na hapo ndipo nilipojua kwamba mafundo hayavuti kitu. Bibi Mwamvua alimzika chini ya migomba. Mtu alipouliza, alisema alikuwa bata mzee.

Siku ya tatu mama alitoka akaenda kijitoni kwa kushika kuta na miti, akaniita. Alikaa ukingoni. Kamba ilikuwa mapajani mwake.

"Ulifunga mara ngapi?"

"Mbili kila siku."

"Sababu gani?"

Nilisema nilitaka uchungu utoke mbio. Nilimweleza kuhusu uzi wa mdogo wangu, na yale maneno ya kunong'ona, yote. Nilingoja anipige. Nilitaka anipige, kwa kweli, ingekuwa nafuu. Alifungua mafundo yale manne, na vidole vyake havikuwa na nguvu, ikachukua muda, na hakukubali nimsaidie.

"Anzela alikula mbele yangu," alisema, akitazama maji; kwetu, mbele yangu ni kabla yangu. "Ilikuwa njaa. Nilitoa mihogo mapema, nikamupikia, nikamuachia mu sahani, nikaenda ku pamba. Nilirudia jioni." Akavuta pumzi. "Tangu ile siku, mutoto wa mutu hatakula chungu yangu mbele yangu. Hata weye. Weye ndiyo wa kwanza wa kungoja."

Nililia tu, na yeye akaniacha nilie, akazamisha kikapu kipya. Jua lilipokuwa linashuka alinirudishia kamba. Nilitegemea atampa mtoto mwingine kazi ile, mtoto yeyote, hata wa jirani.

"Funga," alisema. "Moja."

Chungu kiliendelea. Bibi Mwamvua alianza kuketi kwenye gogo pamoja na mama, naye akimega tonge lake na kula, ili kama ni kufa wafe mwenyeji na mgeni, na tangu hapo maneno ya sumu yakafa mjini yenyewe. Kapita hakupata mtu wa kuumwa tumbo. Baba alirudi msimu ule pamba ilipokwisha kupimwa, bega moja limeshuka, na siku ya kwanza naye alingoja kivuli kama watu wote, akanung'unika kama watu wote. Mikono ya mama iliendelea kutetemeka kidogo inapobeba kikombe, mpaka uzee. Watu walisema ni homa ile. Mimi nilikuwa namwekea kikombe nusu.

Siku ya kumaliza matanga yake, wanawake walipika ugali wa muhogo, sufuria tatu. Wapishi walikuwa wasichana wa siku hizi, hodari, wamenunua unga sokoni na hawaujui ulilala majini usiku ngapi. Walipotaka kugawa niliwaambia wangoje. Nilimega tonge kubwa, nikachovya, nikala mbele ya watu wote, kisha nikakaa. Kulikuwa na manung'uniko. Wazee wawili watatu wa Kabambare waliinamisha vichwa, wengine waliona ni majonzi yamenipanda.

Mjukuu wangu, ana kama miaka minane, alikuwa anazunguka ua. Anasimama, anakaa, anasimama tena. Nilimsikia akimwambia mwenzake, bila hata kujificha, kwamba Bibi anakula peke yake na sisi tuna njaa. Alinitazama kwa chuki safi, ile ninayoijua ladha yake. Nilitaka kumwita nimweleze. Badala yake niliweka mikono juu ya magoti, nikatazama kivuli kinavyotambaa, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nikakaa mpaka kikafika.